Sensa ya spidi ya gari lako au ya modeli nyingine? Ulinganisho kwa wenye Toyota za zamani

Mshale wa spidi umelala kwenye sifuri ilhali gari linatembea, kilomita zimeacha kuhesabika, taa ya injini imewaka, na mashine ya kupimia imetoa namba P0500, yaani kompyuta haipati taarifa sahihi ya mwendo wa gari. Mwenye gari anakwenda Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akiwa na sensa mbovu mkononi, na muuzaji anamweleza kwamba ya Corolla yake haipo, ila ipo ya RAV4 au ya Noah, na kwamba inaingia bila shida. Mara nyingi muuzaji husema kweli. Hata hivyo, kuingia kwenye tundu la giaboksi na kuhesabu mwendo kwa usahihi ni mambo mawili, na ulinganisho huu nimeuandika ili mtu anayesimama mbele ya kaunta hiyo ajue la kukagua kabla hajalipa.

Nitazungumzia zaidi Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye sensa ya waya tatu iliyofungwa kwenye giaboksi, kwa sababu ndizo zinazobadilishana spea hii mara nyingi katika gereji zetu. Magari mengine nitayagusa pale yanapotofautiana na haya.

Sensa inahesabu nini

Ndani ya giaboksi, upande wa kutokea nguvu kwenda magurudumuni, kuna gia inayozunguka sambamba na mwendo wa gari. Gia hiyo huzungusha gia ndogo ya plastiki iliyochomekwa kwenye ncha ya sensa, na mhimili wa sensa unapozunguka, sumaku iliyo ndani hupita mbele ya kipande cha elektroniki kinachokata na kurudisha umeme. Kila tukio la namna hiyo ni pigo moja. Dashibodi huyahesabu mapigo hayo ili kupandisha mshale na kuongeza kilomita, kisha taarifa hiyohiyo huenda kwenye kompyuta ya injini na, katika magari mengi, kwenye kompyuta ya giaboksi ya otomatiki.

Tangu enzi za spidomita zinazozungushwa na kebo, kiwango cha Japani kilitaka gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa liizungushe kebo hiyo mara 637 kwa dakika. Kilomita 60 kwa saa ni sawa na kilomita moja kwa dakika, kwa hiyo kila kilomita ina mizunguko 637. Sensa ninazozizungumzia zilirithi hesabu hiyo, na kwa kawaida kila mzunguko wa mhimili hutoa mapigo 4 kwenye waya wa ishara, hivyo kilomita moja huwa na mapigo 2,548. Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Corolla ina tairi dogo na RAV4 ina tairi kubwa, tena uwiano wa difu zao (gia za mwisho zinazopeleka nguvu magurudumuni) haulingani, lakini sensa zote mbili zinatakiwa kuzunguka mara zilezile 637 kwa kilomita. Kinachofidia tofauti ya tairi na difu ni gia ndogo ya plastiki, ambayo idadi ya meno yake huchaguliwa kulingana na gari. Kwa maneno mengine, kiwiliwili cha sensa kinaweza kuwa cha modeli nyingi, ila gia ya plastiki ni ya gari lako.

Nimeletewa magari mengi yaliyokwisha kufungwa sensa ya modeli nyingine, na kosa ninalolikuta zaidi kuliko yote ni hilo: fundi amefunga sensa pamoja na gia iliyokuja nayo, badala ya kuhamisha gia ya zamani. Chukua mfano wa gari ambalo gia yake halali ina meno 33, likafungwa yenye meno 36. Gia yenye meno mengi huzunguka polepole, hivyo dashibodi itasoma pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 8. Dereva akiuona mshale kwenye 80, mwendo wake halisi ni takribani 87; akidhani anatii kibao cha 50 mahali penye makazi, anapita kwa karibu 55. Kilomita nazo zitahesabiwa pungufu kwa kiasi hicho, na muda wa kubadilisha oili utapita bila yeye kujua.

Kabla ya kununua chochote

Namba P0500 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba ishara haifiki. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukagua fyuzi, ambayo mara nyingi sensa hushirikiana na mita za dashibodi, kisha soketi yenye kutu au iliyolowa oili, kisha waya zilizokatika karibu na giaboksi, mahali panapotikisika kila siku. Baada ya hapo chomoa sensa kwenye giaboksi, ambako kwa kawaida hushikwa na bolti moja tu ya spana namba 10, ukiiacha soketi yake imeungwa. Washa swichi bila kuwasha injini, zungusha gia ya plastiki kwa vidole polepole, na upime volti kwenye waya wa ishara. Sensa nzima itapandisha na kushusha volti mara 4 katika mzunguko mmoja. Kiwango cha juu hutegemea gari, lakini kupanda na kushuka ni lazima kuonekane wazi.

Ikiwa mapigo yapo, sensa haina kosa. Angalia meno ya gia ya plastiki, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka 25 kwenye oili ya moto hulika, hupasuka katikati na kuanza kuteleza kwenye mhimili. Katika hali hiyo unahitaji gia tu, na kununua sensa nzima, iwe ya modeli yako au ya nyingine, ni kutupa fedha. Nasisitiza hili kwa sababu kazi hii nimeiona ikirudiwa mara mbili na mara tatu kwa mteja mmoja, sensa nzuri zikitolewa na kutupwa, mpaka mtu mmoja alipopata subira ya kuangalia meno.

Mpya ya orijino ikilinganishwa na iliyotumika ya modeli yako

Sensa mpya ya orijino yenye namba ileile ya spea haihitaji maelezo mengi. Inafaa, inadumu, na haikulazimishi kukagua kitu zaidi ya kuhamisha gia ya plastiki, kwa kuwa mara nyingi huuzwa bila gia. Kasoro yake ni bei, na kwa baadhi ya modeli ni kuisubiri hadi iagizwe.

Sensa iliyotumika ya modeli ileile, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa spea, ina bei nafuu na umbo sahihi, lakini umri wake ni kama wa ile uliyoitoa. Kinachochakaa ndani si elektroniki peke yake: mhimili hulegea na sili yake huruhusu oili ya giaboksi kupenya hadi kwenye soketi. Shika mhimili na uutikise kwa upande, ukicheza, iache. Chungulia ndani ya soketi. Ukiona oili, iache pia, hata kama muuzaji ataifuta mbele yako. Jihadhari pia na jina la modeli, kwa sababu Corolla mbili zenye umbo moja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti, moja ya otomatiki na nyingine ya gia za mkono, na gia zao za plastiki zikatofautiana meno. Maneno "ni ya Corolla" hayatoshi.

Ya modeli nyingine: mambo manne yanayoamua

Toyota imetumia sensa moja kwenye modeli zaidi ya moja, na namba ya spea hueleza hilo kwa anayejua kuisoma. Sensa hizi huanza na tarakimu 83181. Tarakimu mbili za kwanza baada ya kistari huonyesha gari ambalo kwa asili spea ilitengenezwa kwa ajili yake: 12 ni Corolla, 26 ni Hiace, 35 ni Hilux, 42 ni RAV4. Kwa hiyo usishangae kuikuta namba ya Corolla kwenye sensa iliyotoka kwenye gari lenye jina jingine. Namba nzima zikilingana, huna "sensa ya modeli nyingine" mkononi. Una sensa yako iliyopitia gari jingine, na hoja imekwisha. Namba zikitofautiana, linganisha mambo manne yafuatayo, na moja likikataa usiendelee.

La kwanza ni idadi ya waya na kazi ya kila waya. Sensa ya waya tatu hupokea umeme wa betri, ina ethi, na waya wa tatu hupeleka mapigo. Sensa ya waya mbili ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye sumaku; haihitaji kupewa umeme, nayo huzalisha wimbi dogo ambalo nguvu yake huongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi. Hizi mbili hazibadilishani. Hata sensa mbili za waya tatu zinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa pini, na kupeleka umeme wa betri kwenye pini ya ishara kunaweza kuua sensa, na pengine mzunguko wa dashibodi pamoja nayo. Pima pini za gari lako kwa multimita. Usitegemee rangi za waya.

La pili ni idadi ya mapigo. Kuna sensa za Toyota zenye sumaku ya ncha 20 na zenye ncha 4, na kwenye baadhi ya magari mapigo 20 hubadilishwa kuwa 4 ndani ya sensa, kwenye mengine ndani ya dashibodi. Sensa inayotoa mapigo 20 ikiungwa kwenye dashibodi inayotarajia 4, mshale utaruka mara tano ya mwendo halisi. Kosa hili angalau hujitangaza siku ileile. Kipimo cha kuzungusha kwa vidole nilichokieleza hapo juu ndicho kinacholigundua kabla ya kufunga, na hakichukui dakika tano.

La tatu ni gia ya plastiki. Ihamishe ile ya gari lako ikiwa ni nzima. Kwa kawaida hushikwa na klipu ndogo ya chuma kwenye mhimili, na klipu hiyo ikipotea, gia itahama na kuacha kushika. Ikiwa mhimili wa sensa mpya una unene au urefu tofauti, na gia yako haikai ipasavyo, sensa hiyo haikufai, hata kama kila kitu kingine kinalingana. Gia isiyokaa sawa haiishii kusoma vibaya. Hulika, na mabaki yake huanguka kwenye oili ya giaboksi.

La nne ni shingo ya sensa: urefu wake, kipenyo chake na sili ya mpira. Shingo nyembamba kwa nusu milimita huvuja, na uvujaji wa polepole juu ya giaboksi ya otomatiki ni hatari kuliko spidomita mbovu, kwa sababu hakuna anayeuona mpaka oili ishuke na gia zianze kuteleza. Sili inunuliwe mpya kila mara, kwani ni kitu cha bei ndogo. Mabano ya bolti nayo yakae yenyewe bila kulazimishwa. Nimeona mabano yaliyokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya, na gari la namna hiyo siwezi kulirudisha barabarani.

Mambo hayo manne yakilingana, maoni yangu ni kwamba sensa ya orijino kutoka modeli nyingine ni sawa na ile ya gari lako, na hakuna sababu ya kuionea aibu.

Ya modeli nyingine ikilinganishwa na kopi mpya

Huu ndio uchaguzi halisi wa watu wengi, kwa sababu sensa mpya ya orijino haimo kwenye bajeti na iliyotumika ya modeli yao haijapatikana. Kwenye kaunta zimebaki mbili: ya orijino iliyotumika kutoka Noah au RAV4, na kopi mpya ndani ya boksi lenye maandishi mazuri, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako.

Kopi ina faida ya umbo. Inaingia, soketi inakubali, na hakuna uchakavu. Udhaifu wake huonekana joto linapopanda: baadhi ya kopi hutoa mapigo vizuri gari likiwa la baridi, kisha mshale huanza kucheza au kuanguka baada ya saa moja ya safari. Kosa la kutokea na kupotea husumbua zaidi kuliko sensa iliyokufa kabisa, hasa kwenye otomatiki, kwa kuwa kompyuta hupokea mwendo wa 70, kisha sifuri, kisha 70 tena. Gari linaweza kukataa kuingia gia ya juu, likabadili gia kwa kishindo, au likazimika linapokaribia kusimama.

Mimi huchagua ya orijino iliyotumika, alimradi imepita vipimo vinne na mhimili wake haulegei. Ninabadilisha uamuzi huo katika hali moja: iwapo njia pekee ya kuifunga ni kukata soketi na kuunga waya upya. Kuunga kunakofanywa kwa solda na kufunikwa vizuri hudumu, lakini kule kwa kusokota na kuzungushia gundi ya umeme, karibu na giaboksi penye joto na maji, hakumalizi msimu mmoja wa mvua. Asiye na fundi umeme anayemwamini kwa kazi hiyo ni heri achukue kopi inayochomekwa moja kwa moja, aifunge, na aihesabu kuwa ya muda.

Pale ambapo ulinganisho huu haufai

Sensa kutoka kampuni nyingine, kwa mfano kuweka ya Nissan kwenye Toyota, siipendekezi kwa gari la matumizi ya kila siku. Tundu, gia, aina ya wimbi na hesabu ya mapigo vyote vinaweza kutofautiana kwa pamoja, na vifaa vya kubadilisha mapigo huongeza mahali pengine pa kuharibikia.

Magari ya otomatiki huwa pia na sensa za waya mbili zinazosoma mzunguko wa ndani ya giaboksi, na makosa yake hutoa namba nyingine, kama P0715 kwa upande wa kuingilia na P0720 kwa upande wa kutokea. Hizi zisichanganywe na sensa ya spidi ya dashibodi kwa sababu tu zimefungwa karibukaribu. Nyingi za Toyota hutakiwa kuwa na ukinzani wa omu 560 hadi 680 katika nyuzi joto 20, na ncha yake husoma meno bila kuyagusa, hivyo tofauti ndogo ya urefu hudhoofisha ishara au hugonga gia. Hapa mimi hufunga namba ileile ya spea tu.

Katika magari mengi ya baadaye yenye ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, sensa ya giaboksi haipo kabisa. Mwendo husomwa kwenye magurudumu, hupitia kompyuta ya ABS, ndipo hufika kwenye dashibodi. Mwenye gari la namna hiyo akiuziwa sensa ya giaboksi hatapata pa kuifunga. Na kwa Hilux au Prado yenye nguvu magurudumu yote manne, sensa itafutwe kwenye boksi ya kugawa nguvu, nyuma ya giaboksi.

Matatu na daladala zinastahili uangalifu wa pekee. Kikomo chake nchini Kenya na Tanzania ni kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kinachosoma mapigo ya sensa hakina namna ya kujua kwamba gia ya plastiki imebadilishwa. Ikisoma pungufu kwa asilimia 8, gari lenye abiria litafika karibu 87 kabla ya kidhibiti kuzuia, na kila mtu atakuwa ameamini kwamba liko ndani ya sheria. Baada ya kubadilisha sensa kwenye gari la abiria, kidhibiti kipimwe upya.

Baada ya kufunga

Futa namba ya kosa, kisha uliendeshe gari kwenye barabara iliyonyooka huku mwenzako akisoma mwendo wa GPS kwenye simu. Shika 60 ya dashibodi kwa utulivu kwa dakika moja, halafu rudia kwenye 80. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inasema spidomita isisome pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, na isizidishe zaidi ya asilimia 10 ya mwendo huo pamoja na kilomita 4. Kwa hiyo GPS ikisoma 56 wakati mshale uko 60, uko salama. Ikisoma 65, fungua tena na uhesabu meno ya gia. Linganisha pia kilomita 10 za dashibodi na za GPS, kwa kuwa mshale unaweza kuwa na kosa lake lenyewe ilhali hesabu ya kilomita hutoka moja kwa moja kwenye mapigo.

Kagua uvujaji jioni ya siku ya kwanza na tena baada ya wiki moja. Mwisho, andika kwenye daftari la matengenezo namba kamili ya sensa uliyofunga, gari ilikotoka na idadi ya meno ya gia ya plastiki iliyofungwa, kwa sababu fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye ataikuta sensa ya RAV4 kwenye Corolla, na bila maandishi hayo ataagiza isiyo yake.